Putuo, Mlima Mtakatifu Katikati ya Bahari

Katika nchi ya China iko milima minne ambayo Wabudha huiheshimu kupita mingine: Wutai, Emei, Jiuhua na Putuo. Mitatu ya kwanza iko bara. Putuo peke yake ni kisiwa, katika jimbo la Zhejiang, nacho ni kidogo. Kilele chake hakifikii meta 300. Basi, sifa yake imetoka wapi?

Wabudha husimulia ya kuwa katika karne ya 9 mtawa Mjapani, jina lake Egaku, aliichukua sanamu ya Guanyin kutoka Wutai apate kuipeleka kwao. Guanyin ndiye wamwitaye msikiaji wa vilio vya dunia. Karibu na Putuo chombo kilikwama, kisiweze kuendelea. Mtawa akafahamu kwamba Guanyin hataki kuondoka, akaishusha sanamu pwani. Hata leo hekalu la mahali pale laitwa la Guanyin Asiyekubali Kuondoka.

Mahekalu makubwa ni matatu: Puji, Fayu na Huiji. Kutoka Fayu kupanda Huiji iko ngazi ya mawe yenye vidato zaidi ya 1,000. Wahujaji wengine husujudu kila baada ya hatua tatu. Uko pia mnara wa Duobao, wa mwaka 1334, na mwamba wa Pantuo, jiwe kubwa lililokaa juu ya jiwe jingine, hata mtazamaji adhani litaanguka. Sanamu ya shaba ya Guanyin, yenye kimo cha meta 33 pamoja na kitako chake, ilisimamishwa mwaka 1997.

Ufuoni liko pango la Chaoyin, ambamo mawimbi huingia kwa kishindo. Zamani watu walikwenda kumtafuta Guanyin humo. Wengine walichoma vidole vyao, wengine walijitupa majini wafe. Ndipo wakati wa enzi ya Ming likasimamishwa jiwe lenye maandiko ya kukataza mambo hayo. Nalo lasimama hata sasa. Maana, aliye na huruma atapendezwaje na kifo cha yule amwombaye?

Baada ya mwaka 1966 watawa walifukuzwa na sanamu nyingi zikavunjwa. Tangu mwaka 1979 mahekalu yalianza kutengenezwa, na wahujaji wakarudi.

Maswali:
1. Putuo hutofautianaje na ile milima mitatu?
2. Kwa nini Egaku aliiacha sanamu?
3. Jiwe la Chaoyin lakataza nini, na kwa nini ni haki?