Safu za Miti na Maji ya Shamba

Mkulima, fahamu ya kuwa safu ya miti kandokando ya shamba ina faida na hasara pamoja. Kwa mbali hukinga. Kwa karibu hunywa.

Upepo mkavu huondoa maji katika udongo na katika majani. Miti yenye kimo cha futi 30, ikipandwa kuukabili upepo, huweza kupunguza nguvu zake hata umbali wa futi 300 hivi. Lakini mahindi yaliyo karibu na miti hudhoofu, maana mizizi ya miti hunywa katika udongo ule ule, na kivuli huzidisha hasara. Katika nchi yenye mvua haba, kama Machakos, jambo hili huonekana upesi. Mkaratusi, uliotoka Australia, ni mnywaji mkubwa. Usiupande kando ya shamba la chakula wala karibu na chemchemi.

Ukitaka kuhakikisha, ngoja siku 10 baada ya mvua. Chimba mashimo yenye kina cha mkono mmoja: hatua 2 toka mtini, hatua 8, na hatua 20. Fumbata udongo wa kila shimo. Ulioshikamana una maji, uliopukutika umekauka.

Udongo wa karibu ukiwa mkavu zaidi, pogoa matawi kabla ya kupanda mahindi, maana majani yakipungua mti hunywa kidogo. Kisha chimba mfereji wa kina cha futi 2 ili kukata mizizi ya juu, upande mmoja tu kwa mwaka, mti usije ukaanguka.

Mizizi haijui mpaka. Basi kabla ya kupanda miti mpakani, shauriana na jirani yako.