Tairi za Dabo Zikigoma Kutoka

Nati zote kumi umeshazitoa, zimo ndani ya kofia. Tairi ya nje imetoka bila ubishi. Ya ndani imeng'ang'ania habu kama kupe. Umeipiga teke, utingo ameipiga nyundo, na bado haijasogea hata unywele.

Usitafute nyundo kubwa zaidi. Rudisha nati kwanza. Nitakueleza kwa nini, lakini tuanze mwanzo, kwa sababu tairi nyingi zinazogoma zilianza kugomeshwa kabla jeki haijaguswa.

Egesha mahali tambarare na pagumu. Weka reflekta mbele na nyuma, kisha zuia tairi za mbele kwa kabari pande zote mbili. Hapa wengi wanategemea handbreki peke yake. Kwenye malori mengi handbreki inashika tairi za nyuma, na za nyuma ndizo unazotaka kunyanyua. Ukishainua, kinachozuia gari lisitembee ni zile kabari.

Sasa angalia rimu. Kama ni ile ya vipande yenye pete ya kufungia pembeni, kama ina ufa, au kama tairi imekimbia muda mrefu bila upepo wa kutosha, toa upepo kwenye tairi zote mbili kabla ya kugusa nati hata moja. Usibonyeze valvu tu. Ng'oa kile kisindano cha ndani, subiri sauti iishe, kisha pitisha waya mwembamba kwenye tundu uhakikishe halijaziba. Wakati mwingine kinachoishikilia pete isiruke ni nati na tairi ya jirani tu. Tairi ya lori inabeba upepo wa PSI 100 na zaidi. Pete ikiruka na upepo huo, hakuna anayewahi kuikwepa.

Haya, nati. Zilegeze tairi zikiwa bado chini, kabla ya kupiga jeki. Tairi ikiwa hewani utakuwa unalitikisa gari lililokaa juu ya jeki, na hilo si jambo la kujaribu.

Lakini unalegeza kuelekea wapi? Hili nilijifunza kwa aibu, pembeni ya barabara ya Iringa, chini kidogo ya mlima Kitonga. Gari lilikuwa Fuso, tairi ya nyuma upande wa kushoto, na mimi kijana mwenye nguvu nyingi kuliko akili. Nilichomeka bomba kwenye wili spana, nikapanda juu yake, nikaruka. Mara ya tatu ukatoka mlio kama wa bunduki. Nikashangilia nikidhani nati imelegea. Kumbe bolti imekatika. Dereva, mzee asiyependa maneno mengi, alikuja akapangusa tope kwenye kichwa cha bolti ya jirani kwa kidole gumba. Ikatokea herufi L. "Muda wote ulikuwa unakaza," alisema, akarudi zake kivulini.

Basi kumbuka hivi. Fuso, Isuzu na Hino nyingi za zamani zina nyuzi za kushoto upande wa kushoto wa gari, na nyuzi za kulia upande wa kulia. Kwenye magari hayo nati inakaza kuelekea kule tairi inakozunguka gari likienda mbele. Inafunguka kuelekea rivasi. Simama mbele ya tairi, fikiria gari linarudi nyuma, zungusha hivyo hivyo. Huwezi kukosea.

Scania, Volvo na malori mengi ya Ulaya ya miaka ya karibuni hayana shida hiyo. Nyuzi ni za kulia pande zote mbili. Ukiwa na shaka, pangusa kichwa cha bolti utafute L au R.

Nati iliyoganda ipe brashi ya waya kwanza. Safisha nyuzi zote zinazoonekana nje ya nati, kwa sababu kutu iliyokaa pale ndiyo nati itakayopita juu yake ikitoka. Pulizia mafuta ya kulainisha kutu, kunywa chai, rudi. Dakika 15 za kusubiri zinakuokolea saa nzima ya kusukumana.

Ukirudi, anza kwa kuikaza kidogo. Kidogo tu, kama upana wa ukucha. Ule msogeo mdogo unavunja kutu, kisha unaigeuza upande wa kufungua.

Bomba la kurefusha spana linaruhusiwa, kuruka juu yake hakuruhusiwi. Mtu wa kilo 70 akisimama tuli mwisho wa bomba la mita 1 anatoa karibu Nm 690, na nati nyingi za M22 hukazwa kwa Nm 600 hadi 680. Kwa hiyo mita 1 na uzito wako vinaitosha nati ya kawaida, ila si iliyoshika kutu. Kwa iliyoshika kutu, ongeza urefu wa bomba, usiongeze kuruka. Weka stendi au gogo chini ya shingo ya spana ili isiteleze ikakurarua vidole. Kama safari zako ni ndefu, nunua ile mashine ya gia ya mkono, inayozungushwa kwa mpini kama pampu ya kisima. Mtu mmoja mwembamba anafungua nati zote bila kutoka jasho.

Na bokisi yako iwe ya saizi yake hasa. Ya 33 iliyolika ikivalishwa nati ya 32 itaila pembe zote, na hapo unahitaji patasi.

Kuna jambo moja sitalizungushia maneno. Usipashe nati wala rimu moto wakati tairi imo. Usitumie gesi, usichomelee, usiwashe hata tambara lenye dizeli. Mpira ukipata joto kwa ndani unatoa gesi inayoweza kulipuka, na mlipuko unaweza kuja muda mrefu baada ya moto kuzimwa. Kutoa upepo peke yake hakukulindi. Fundi akikuambia amefanya hivyo miaka yote, mpe mkono wa kwaheri ukatafute mwingine.

Nati zimelegea. Usizitoe. Zirudishe nyuma mizunguko miwili tu, ibaki nafasi ya kama milimita 3 kati ya nati na rimu. Nati hizo ndizo zinazozuia kilo zaidi ya 100 za chuma na mpira zisikurukie kifuani pale kutu itakapoachia ghafla. Ndiyo maana nilikuambia uzirudishe.

Sasa gari lenyewe lifanye kazi. Weka jeki chini ya ekseli, karibu na springi, juu ya ubao mpana. Inua mpaka tairi iachane na ardhi, sentimita 1 inatosha. Kisha shusha taratibu mpaka tairi ibebe uzito tena. Inua, shusha. Uzito wa gari unaisukuma habu chini wakati rimu imezuiwa na ardhi, na kile kishindo kidogo cha "tk" utakachokisikia ni kutu inapasuka. Mzigo ukiwemo, kutu inaachia haraka zaidi. Ila jeki yako iwe inauweza mzigo huo, na pasiwe na mtu hata mmoja chini ya gari.

Haikuitika? Tairi ikiwa juu na tairi za mbele zimefungwa kabari barabara, dereva aachie handbreki, wewe zungusha tairi robo mzunguko, handbreki irudi, shusha tena. Kutu haishiki sawa pande zote, kwa hiyo upe kila upande zamu yake. Mbinu hii ni kwa tairi yenye upepo na rimu nzima ya kipande kimoja. Kama ulilazimika kutoa upepo, iruke, nenda moja kwa moja kwenye jeki ya pili.

Wapo madereva wanaolegeza nati kisha wanaendesha gari mbele na nyuma huku wakikanyaga breki. Inafanya kazi, sikatai. Pia inakata bolti na kuyapanua matundu ya rimu yakawa kama yai. Mimi siifanyi.

Jeki ya pili ni ile ndogo ya chupa. Toa upepo kwanza kwenye tairi zote mbili kama bado upo. Ilaze kati ya springi na ukingo wa rimu ya ndani, kipande cha mbao ngumu kila mwisho. Pampu yake iwe upande wa chini. Ikikaa juu, jeki inavuta hewa badala ya mafuta na utapampu mpaka jioni. Angalia isiegemee sufuria la breki wala mipira ya upepo. Pampu kidogo mpaka ikaze, kisha gonga rimu upande wa pili kwa nyundo, juu ya mbao. Hamisha jeki, rudia. Juu, chini, kushoto, kulia. Ukisukuma upande mmoja tu, rimu inainama na kujibana zaidi kwenye habu, kama droo ya kabati inayovutwa pembe moja.

Rimu za aluminiamu ndizo sugu kuliko zote, hasa gari likiwa linabeba chumvi au linalala bandarini Dar au Mombasa. Aluminiamu ikigusana na chuma penye chumvi inalika, na ule unga mweupe unaoota katikati unabana kama saruji. Kwa hizo tumia jeki na mbao, usiziguse kabisa kwa nyundo ya chuma. Ufa wa aluminiamu huuoni leo, utauona ukiwa na mzigo.

Kwenye Fuso na wenzake, tairi ya nje ikitoka utakuta nati nyingine ndefu zenye kichwa cha mraba. Hizo ndizo zinazoshika tairi ya ndani, na kichwa hicho kwa kawaida ni cha milimita 21, ule upande wa pili wa wili spana ya 41. Usihangaike na nyundo kabla hujazilegeza. Nimewahi kuona wanaume watatu wakiitwanga tairi ambayo ilikuwa bado imefungwa nati zote.

Tairi ikiachia, weka stendi chini ya ekseli, kisha ndio utoe nati. Usiinyanyue tairi kwa mgongo. Shusha jeki mpaka tairi iguse chini kidogo tu, tandika bati lililopakwa grisi chini yake, uivute itoke kama sanduku sakafuni. Kama huna bati, mtarimbo chini ya tairi unatosha. Simama ubavuni mwake, na ikitaka kuanguka, iache ianguke.

Usiwe na haraka ya kurudisha. Rimu ikiwa nje ndiyo nafasi yako ya kuhakikisha hutahangaika tena. Kwangua kutu na rangi iliyovimba kwenye uso wa habu na pande zote za rimu zinapokutana, mpaka chuma kionekane. Rangi nene kati ya rimu mbili inasagika njiani, nafasi inabaki, nati zinalegea. Kisha paka grisi nyembamba kwenye ile shingo ya habu inayoingia kwenye tundu la katikati la rimu. Hapo tu. Usipake kwenye uso wa habu wala pale rimu zinapogusana.

Panga matundu ya rimu mbili yalingane, ili valvu ya ndani ifikiwe bila kufungua chochote. Kaza kwa kupishanisha, nati moja kisha ya upande wa pili wake, kwa spana ya kupimia kulingana na kitabu cha gari. Kwenye zile za nati mbili, maliza za ndani kabla ya kurudisha tairi ya nje.

Kisha piga mstari wa rangi, nusu kwenye nati, nusu kwenye rimu. Ukifika kituo cha kwanza, kabla ya kilomita 100, shuka ukague kila mstari, urudie spana. Umetoka Dar, hiyo ni kabla hujafika Chalinze. Mwambie utingo aagize chai wakati wewe unazunguka gari.