Kwa Nini Treni Hulala Usiku?

Katika miji mingi mikubwa, treni ziendazo vitongojini husimama usiku wa manane. Sababu kuu ni matengenezo. Sehemu kubwa ya reli ya chini ya ardhi ya London ina jozi mbili tu za reli: moja ya kwenda, nyingine ya kurudi. Umeme hukatwa ili mafundi watembee relini na kukagua nyufa. New York, sehemu nyingi zina jozi nne. Mbili zikifungwa, mbili huendelea kubeba abiria usiku kucha.

Swali: Mji wenye jozi mbili umrudisheje nyumbani muuguzi wa zamu ya usiku, bila kuhatarisha abiria wa asubuhi?