SOMO LETU: Laiki Nyingi Si Kiondo Kizuri



Katika toleo hili tunaomba tujifunze pamoja juu ya kazi za mikono na sifa za kwenye simu. Siku hizi karibu kila kikundi kina kijana mmoja anayejua kupiga picha na kuzituma Facebook, TikTok au WhatsApp. Hilo ni jambo jema, wala hatuko hapa kuwakataza. Lakini tumeona kikundi kikipata hasara kwa sababu kilidhani kusifiwa na kufanya kazi nzuri ni kitu kimoja. Tufuate njia yetu ya siku zote: tuone, tupime, halafu tutende.

1. TUONE

Kikundi kimoja cha akina mama kumi na watano husuka viondo vya makonge. Binti wa mmoja wao alichukua video wakisokota uzi huku wanaimba, akaituma. Baada ya siku chache laiki zilikuwa maelfu. Watu waliandika "Nzuri sana!" na "Mungu awabariki!" Kisha mfanyabiashara mmoja akapiga simu, akataka viondo arobaini kwa wiki tatu.

Akina mama walifurahi sana. Walitoa pesa kwenye akiba ya kikundi, wakanunua nyuzi na rangi. Lakini kiondo kimoja, ukisuka baada ya kutoka shambani, ni kazi ya karibu wiki mbili. Basi wakaanza kukimbia. Msuko ukalegea. Rangi hazikuchemshwa zikaiva. Mama wawili wazee walikataa kuharakisha, wakaambiwa ati wanachelewesha wenzao.

Mzigo ulipofika, viondo ishirini na sita vilirudishwa. Vingine vilikuwa vinapaka rangi kwenye nguo, vingine mkanda wa ngozi uling'oka, vingine havikusimama kwa sababu kitako kilikuwa upande. Wale mama wazee walikuwa wamemaliza vitatu tu. Vyote vitatu vilipokelewa.

Pesa ya akiba haikurudi yote. Mwezi ule mama aliyekuwa zamu yake kukopeshwa karo ya mtoto alikosa. Na ile video? Ilikuwa bado inaongezeka laiki.

2. TUPIME

Hebu tujiulize: wale watu maelfu walisifu nini? Walisifu wimbo, vitenge na nyuso zenye furaha. Hakuna aliyeshika kiondo. Hakuna aliyekibebea viazi kutoka sokoni. Laiki ni kidole kimegusa kioo cha simu, basi. Tena tujue kwamba laiki huuzwa na kununuliwa. Na kampuni za mitandao hii hupata pesa zake kwa matangazo, kwa hiyo husukuma mbele kile kinachofanya watu wakae wakitazama. Mashine haijui kama msuko umekaza.

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Je, ni kweli siku zote? Hapa tuwe waangalifu. Wale mama wazee, kabla ya video, viondo vyao vilikuwa vimekaa nyumbani miezi mingi bila mnunuzi. Kizuri hakikujiuza. Ile video ndiyo iliyomleta mteja.

Kuna jaribio moja litakalotusaidia kuelewa. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walitoa matokeo ya kazi yao. Waliweka nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakaalika watu zaidi ya 14,000 wasikilize kwenye intaneti na kuchukua walizozipenda. Baadhi yao hawakuonyeshwa wengine wamechukua nini. Waliobaki waligawanywa makundi manane, na kila kundi lilionyeshwa hesabu ya kundi lake lenyewe.

Matokeo? Pale watu walipoona hesabu, nyimbo zenye sifa zilizidi kupata sifa, na zilizo chini zikaachwa nyuma zaidi. Na kila kundi lilikuwa na washindi wake. Wimbo mmoja uliokuwa wa 26 kwa wale waliosikiliza bila kuona hesabu, ulikuwa wa kwanza katika kundi moja na wa 40 katika kundi lingine. Wimbo ni ule ule! Kumbe watu hufuatana. Hata hivyo, nyimbo bora kabisa ni mara chache zilianguka sana, na zile mbaya kabisa ni mara chache zilipanda.

Mwaka 2008 Salganik na Watts walieleza jaribio lingine. Waliigeuza orodha juu chini, wa mwisho akaonekana wa kwanza. Nyimbo nyingi zilipata sifa zile za uongo. Lakini kadiri muda ulivyopita, zile bora zilianza kupanda tena. Na jambo moja zaidi: pale orodha ilipopotoshwa, kwa jumla watu walichukua nyimbo chache zaidi. Sifa ya uongo iliharibu soko la wote.

Basi tunajifunza mambo matatu:

a) Kukosa laiki si ushahidi kwamba kazi yako ni mbaya. Usikate tamaa.
b) Kupata laiki si ushahidi kwamba kazi yako ni nzuri. Usilewe.
c) Sifa hufungua mlango, lakini kinachomrudisha mteja mara ya pili ni kazi yenyewe.

Hata nabii Samweli, alipofika nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme, alivutiwa kwanza na sura na kimo cha Eliabu. Yule aliyechaguliwa na Mungu alikuwa bado malishoni na kondoo, hata hakuwa ameitwa.

3. TUTENDE

Kazi ya kutangaza na kazi ya kupima ubora zisishikwe na mtu mmoja. Kijana apige picha. Lakini kikundi kichague mama wawili wenye mkono mzuri wakague kila kiondo kabla hakijapigwa picha wala kuuzwa. Wakague hivi:

- Loweka kitambaa cheupe, kisugue kwenye kiondo. Kikishika rangi, rangi haijaiva.
- Kiinue kwenye mwanga wa jua. Mwanga ukipenya ovyo ovyo, msuko umelegea.
- Kiweke mezani kikiwa kitupu. Kisiposimama, kitako kina kasoro.
- Kitie mahindi kilo tano, kitundike usiku kucha. Asubuhi angalia mkanda.

Anayerudishiwa kiondo asiaibishwe mbele ya wengine. Aonyeshwe mahali pa kurekebisha.

Pia karani awe na daftari. Asiandike laiki. Aandike: nani alinunua, nani alirudi kununua tena, kipi kilirudishwa na kwa sababu gani. Kila mwisho wa mwezi daftari hilo lisomwe mkutanoni.

Na mteja akitaka vingi kwa haraka, mwambieni ukweli: "Tunaweza ishirini vizuri, si arobaini vibaya." Mwombeni pia malipo ya kwanza, ili akiba ya kikundi isiingie hatarini yote.

Kile kikundi tulichosema hakijavunjika. Wanasuka tena, na wale mama wawili wazee ndio wakaguzi sasa. Wanalipa deni la akiba pole pole.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, mara ya mwisho tulisifiwa kwa kazi gani? Aliyetusifu alikuwa ameitumia?
2. Ni nani kati yetu anafanya kazi nzuri lakini haonekani? Tutamsaidiaje aonekane?
3. Tungekuwa sisi tumeagizwa viondo arobaini, tungejibu nini?
4. Ni kipimo gani tutaanza kutumia kabla ya mkutano ujao?

Mkishajadiliana, andikeni mliyoamua, mtu mmoja akumbushe wengine. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.