Mawimbi ya Hewa Juu ya Mlima Hanang

Mtu asimamaye Katesh mara nyingi huuona mlima Hanang, wenye kimo cha mita 3,420 hivi, umevaa wingu kileleni kama kofia. Upepo wavuma, lakini wingu halichukuliwi. Sababu yake ni nini?

Tazameni kijito chenye jiwe kubwa. Maji yakifika juu ya jiwe huinuka, kisha hushuka, na mbele huinuka tena. Maji hupita, lakini wimbi hukaa pale pale. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Upepo ukigonga mlima, hewa husukumwa juu, hupoa, na mvuke wake huwa wingu. Hewa iliyopoa ni nzito kuliko hewa iliyo kandokando, basi dunia huivuta chini. Ishukapo hupita kiasi, hupata joto, huwa nyepesi, ikainuka tena. Haya ndiyo mawimbi ya hewa. Mvua za ngurumo nazo huyazaa, kama jiwe litupwalo ziwani.

Mawimbi haya hupanda mpaka pasipo mawingu, wala macho hayayaoni. Basi hupimwaje? Mwaka 2002 Wamarekani walirusha setilaiti, yaani chombo kizungukacho dunia, jina lake Aqua, ikapimia hewa toka juu, kilometa 705. Ndani yake mlitiwa kipimo kiitwacho AIRS. Hewa hutoa miali isiyoonekana: yenye joto hutoa mingi, ya baridi hutoa michache. Kipimo kikaipima miali hiyo, na hewa ya juu ikaonekana ina milia ya joto na baridi, kama pundamilia. Toka mlia wa joto hata mlia wa joto unaofuata ndio urefu wa wimbi.

Faida yake nini? Mawimbi huchukua nguvu za hewa ya chini na kuzipeleka juu. Juu sana ya ikweta upepo huvuma toka mashariki, kisha hugeuka ukavuma toka magharibi, na mzunguko wote ni miezi 28 hivi. Mawimbi ya hewa ni miongoni mwa mambo yaugeuzayo. Watabiri wa hali ya hewa wasipoyatia katika hesabu, hesabu hukosea.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope na mawe yalishuka toka Hanang hata Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Hatusemi kwamba mawimbi haya ndiyo yaliyoleta msiba ule. Lakini aijuaye hewa vema huweza kuonya mapema, na onyo la mapema huokoa watu.

Maswali
1. Kwa nini wingu la kileleni halichukuliwi na upepo?
2. Hewa iliyoinuliwa hushuka kwa sababu gani?
3. Setilaiti ilitambuaje mawimbi yasiyoonekana?