Kabla Hujalipia Safari, Mjue Anayekuongoza

Wadogo zangu wa Singida mjini, Iramba, Ikungi, Mkalama, Manyoni na Itigi, leo kona yetu nimeiacha yote kwa swali moja, kwa sababu najua wengi mnalo moyoni hata kama hamjaliandika.

"Dada, sisi ni wanawake sita, wengine walimu, wengine tuna biashara sokoni. Tumeona kwenye televisheni watalii wakiongozwa kupanda milima ya Andes kule Peru, kisha wakashuka hadi msitu wa Amazon. Tumeipenda safari ile kupita kiasi. Kikoba chetu kina akiba. Sasa amejitokeza kijana WhatsApp, anasema anaandaa safari za milimani na misituni, hata za hapa nchini, ila tutume nusu ya fedha kabla ya Ijumaa nafasi zisiishe. Tufanyeje?"

Jibu la kwanza ni fupi: Ijumaa msitume hata senti. Jibu la pili ni refu kidogo, kaeni tuzungumze.

Hamu yenu ni halali kabisa. Mwanamke anayelima alizeti, anayesimama darasani kutwa nzima, anayeamka usiku kuwahi mnada, ana haki ya kuiona dunia kwa macho yake. Asitokee mtu akawaambia kupanda milima ni kazi ya Wazungu. Ila ninachotaka mkishike leo ni hiki: katika safari ya kuongozwa, mwongozaji ndiye safari yenyewe. Usafiri, chakula, mahema na picha vyote vinamfuata yeye. Akiwa anaijua kazi yake na ana utu, mvua itawanyeshea na bado mtarudi mkisimulia kwa furaha. Akiwa tapeli au mzembe, mtalipia mateso kwa fedha zenu wenyewe.

Tuanze na huko Peru mlikokuona. Mji wa Cusco, wanakoanzia wengi wanaokwenda kwenye magofu ya kale ya Machu Picchu, uko juu kiasi cha mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Sisi hapa Singida mjini tuko kama mita 1,500. Mgeni akishuka tu kwenye ndege Cusco, hewa ni nyepesi, kichwa kinaweza kumgonga na pumzi zikamwishia kwa kupanda ngazi chache. Na ile njia maarufu ya Inka ya kwenda Machu Picchu kwa miguu, sheria ya Peru hairuhusu mtu kuipita bila mwongozaji mwenye leseni. Kwa siku huingia watu 500 tu, wapagazi na waongozaji wakiwa ndani ya hesabu hiyo. Wenzetu wamebana hivyo ili njia na mabaki ya kale visiharibiwe na miguu ya watu wengi. Basi mjue kwamba hata mbali huko, jambo la kwanza linaloulizwa ni: nani anawaongoza?

Sasa sikilizeni neema tuliyonayo. Kilele cha Mlima Hanang nacho kina zaidi ya mita 3,400, yaani kimo kilekile cha Cusco, na kipo kwa majirani zetu wa Manyara. Barabara ya lami ya Singida kwenda Babati inapita Katesh, chini ya mlima wenyewe. Na msitu wa mvua mnaoutamani upo Udzungwa, mkoani Morogoro: mnakwenda Dodoma kwa basi, mnapanda treni ya umeme iliyoanza 2024 hadi Morogoro, kisha basi la Ifakara linalopita Mikumi na Kidatu, mnashuka Mang'ula kwenye lango la hifadhi. Nyanda za juu na msitu wa mvua, bila viza, kwa kitambulisho cha NIDA mkononi. Ndoto ya Peru siifuti. Nasema mwanze hapa, miili yenu na mifuko yenu ijifunze kwanza.

Turudi kwa kijana wa WhatsApp. Mwandikieni leo, kwa adabu, mkimwomba mambo haya. Jina la kampuni na leseni ya biashara ya utalii ya mwaka huu, ile ambayo watu wa kazi hiyo huiita TALA, inayotolewa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Jina la mwongozaji atakayepanda nanyi, maana anayepokea fedha mara nyingi si yeye atakayekuwa nanyi mlimani. Mara ngapi mwongozaji huyo ameupanda mlima huo, na mara ya mwisho lini. Amesomea huduma ya kwanza? Mmoja wenu akiumia mguu, anashushwaje, na gari liko wapi? Bei inajumuisha nini: kibali, kiingilio, wapagazi, maji, chakula, malazi? Mkiahirisha, mnarudishiwa kiasi gani?

Halafu kagueni wenyewe. Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Udzungwa iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Malipo ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa serikali, na stakabadhi yake mnaiona. Nendeni au pigeni simu ofisi husika, waulizeni waongozaji wanaowatambua. Akiwaambia "nitumieni kwenye namba yangu tu, vibali niachieni mimi", shikeni akiba yenu. Mtu mkweli hakasirishwi na maswali. Anayekasirika amewajibu tayari.

Jambo linalofuata ni majira. Mbingu zimetufanyia hisani hapa. Sisi wa kanda ya kati mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na fedha za alizeti huanza kuonekana baada ya mavuno, kiangazi kikiingia. Kuanzia Juni hadi Oktoba ndipo mlima huwa mkavu na njia hushikika. Kwa hiyo wakati mfuko una kitu ndio huohuo mlima unapopandika. Msimruhusu mtu awauzie Hanang ya Desemba kwa bei ya punguzo. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlima huo yakaifunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Wale walikuwa nyumbani kwao, si watalii. Mkipita pale, piteni kwa heshima. Wapo waliozika familia nzima, na hilo si jambo la kupigia picha za kuchekelea.

Tuje kwenye mwili. Anzeni mazoezi miezi miwili kabla. Tembeeni kwa kasi, mkiongeza umbali kila wiki, na viatu vilevile mtakavyopandia. Buti nzuri za mitumba zinatosha kabisa, mradi soli yake imeshikana na ina meno, na kidole gumba kina nafasi mbele, kwa sababu wakati wa kushuka vidole ndivyo vinavyobeba mwili wote. Kateni kucha za miguu siku mbili kabla. Mwenye ujauzito, presha, sukari, pumu au tatizo la moyo aende hospitali kwanza aongee na daktari, kisha amweleze mwongozaji ukweli. Kuficha ugonjwa ili usiachwe ni kuwatesa wenzio watano na kujitesa mwenyewe.

Hanang wengi hupanda na kushuka kwa siku moja ndefu, wakianza alfajiri. Juu hakuna kijito cha kutegemea, hivyo kila mmoja awe na maji yasiyopungua lita tatu, karanga, ndizi na viazi vitamu vya kuchemsha. Sweta zito na koti la upepo msiache, hata kama Katesh kuna jua kali. Ukivuka mita 2,500 mwili unaweza kuanza kulalamika: kichwa kinauma, tumbo linachafuka, kizunguzungu. Sema mapema. Dalili zikizidi, dawa yake ni kushuka. Mwongozaji mzuri atakwambia turudi hata kama kilele unakiona, nawe utii. Mlima upo, utaukuta mwaka kesho.

Na sasa Udzungwa, ambako moyo wangu uko. Hifadhi hii ilianzishwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na haina barabara za kuzungusha magari ndani. Ni miguu yako tu. Miti inapanda kutoka bondeni Kilombero hadi juu kwenye ukungu bila kukatika, na maporomoko ya Sanje yanateremka mita kama 170 kwa hatua. Kuna joto la unyevunyevu ambalo sisi wa Singida hatulijui: nguo inalowa jasho na haikauki. Vaeni suruali ndefu, miguu ya suruali ichomekeni ndani ya soksi, maana siafu wakikatiza njia hawaulizi. Kabla hujashika tawi ili ujivute, litazame, kwa sababu upupu unawasha hadi mtu anatamani kujichuna ngozi. Bonde la Kilombero lina malaria nyingi, kwa hiyo laleni kwenye chandarua, na mkirudi Singida mtu akipata homa aende kupima haraka na amwambie mhudumu alikotoka.

Humo msituni ndipo mtakapoelewa kwa nini nasisitiza mwongozaji. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa Udzungwa walisikia sauti ya nyani wasiyoijua. Wenyeji waliijua tangu zamani na mnyama yule walimwita ng'olaga. Sayansi ikamwandika kama aina yake yenyewe, na leo anafahamika duniani kwa jina la Sanje. Yaliyofanana na hayo yalitokea tena kwa nyani mwingine, kipunji: watu wa Rungwe walimjua na walikuwa na jina lake kabla watafiti hawajamwona 2003, na baadaye akaonekana hata Udzungwa. Bila mwenyeji pembeni yako, utapita chini ya mti wenye mbega mwekundu anayepatikana huko Udzungwa na misitu ya jirani tu, utaona majani, utarudi nyumbani ukisema hukuona kitu. Chagueni mwongozaji wa Mang'ula au Sanje kwa Udzungwa, na wa Katesh kwa Hanang. Fedha zenu zibaki kwa watu wanaoishi na milima hiyo.

Nina neno la wanawake peke yetu. Kabla ya kulipa, amueni nani analala na nani, na mwongozaji aambiwe wazi kwamba hema au chumba cha wanawake hakiingiliwi. Ulizeni kama kuna mwanamke kwenye timu yake. Wapo, na wanazidi kuongezeka. Akianza utani wa kukushika mkono pasipo sababu, mkanye mbele ya wenzako, papo hapo, usingoje mrudi. Hedhi isikuzuie kwenda: beba pedi za kutosha, mfuko mweusi wa kurudishia zilizotumika, na dawa ya maumivu uliyoizoea. Kanga mbili ni lazima, moja ya kujisitiri pasipo choo, moja ya baridi. Mwenye mume au wazazi awaachie jina la mwongozaji, namba yake na ratiba yote. Huko si kuomba ruhusa, ni usalama.

Wapagazi ni watoto wa watu. Mpagazi wa Kilimanjaro hatakiwi kuzidishiwa kilo 20, nanyi pimeni mizigo yenu kwa kipimo hichohicho popote mtakapopanda. Wanakula nini, wanalala wapi, wanalipwa lini? Mwongozaji anayewadhulumu wapagazi wake, atawadhulumu na ninyi. Na mkijaliwa siku moja kuongozwa kwa Wahadzabe wa kwetu Mkalama, kanuni haibadiliki: ombeni kabla ya kupiga picha, na fedha ya kijiji ifike kijijini.

Mwisho, fedha. Safari ya burudani haichukuliwi mkopo, sembuse ile mikopo ya kausha damu. Fungueni mfuko wa safari pembeni ya kikoba, kila mmoja aweke kidogo kila wiki, na hisa za kikoba zibaki palepale. Malipo yafanyike kwa awamu: kiasi kidogo cha kushika nafasi baada ya kukagua leseni, kingine wiki ya safari, kilichobaki mkisharudi salama. Makubaliano yaandikwe hata kama ni ukurasa mmoja, yasainiwe, kila mmoja abaki na nakala.

Ushauri wangu basi ni huu: mwaka huu mkishauza alizeti, pandeni Hanang. Mwaka ujao nendeni Udzungwa. Mkishamaliza hayo mawili kwa afya na bila deni, andikeni tena hapa tuzungumze habari za Peru, nami nitakuwa wa kwanza kuwapigia makofi. Mtafuteni mwongozaji kwanza, fedha baadaye.