SAA YAKO INASEMA SAA NGAPI?

Mpendwa kijana wa Mlandege, ukisubiri gari, nusu saa ni ndefu kama siku nzima. Ukiwa kijiweni mnapiga stori, masaa matatu yanayeyuka hujui yameenda wapi. Basi, muda ni kitu gani hasa? Hebu tujifunze.

1. SASA NA ZAMANI

Mwaka 1969 Mkenya John Mbiti, kasisi wa Anglikana na msomi wa dini, alitoa kitabu juu ya dini za Kiafrika. Alichukua maneno yetu mawili: Sasa na Zamani. Alisema kwa Mwafrika wa jadi muda ni matukio, siyo namba. Tukio linaingia katika Sasa, halafu linarudi nyuma mpaka Zamani. Mbele, kupita miaka miwili hivi, hapana kitu, kwa sababu hakuna kilichotokea huko.

Wasomi wengine walimpinga. Lakini jiulize: lugha yetu inahesabu kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Baada ya mtondogoo, wewe una nini?

2. SAA HAZILINGANI

Zamani wanasayansi walifuata mafundisho ya Isaac Newton, kwamba muda unakwenda sawa kwa watu wote. Albert Einstein akaja, mwaka 1905 na tena 1915, akaonyesha kwamba sivyo. Mwendo na nguvu ya uvutano hubadilisha kasi ya saa. Mwaka 1971 Hafele na Keating walizungusha saa za atomiki duniani kwa ndege za abiria. Waliporudi, hazikulingana na saa zilizobaki Washington!

Hata hapa kwetu. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Saa ya hapa inakimbia kidogo kuliko ya pwani Dar es Salaam. Igawe sekunde moja vipande milioni: kwa mwaka mzima tofauti ni kama vipande vitano tu. Huioni, lakini ipo.

3. MUNGU HACHELEWI

Mtume Petro anafundisha kwamba Bwana hapimi siku na miaka kama sisi. Tunachokiita kuchelewa ni uvumilivu wake, ili watu watubu (2 Petro 3:8-9).

Tuseme kweli: Petro hakufundisha fizikia, wala Einstein hakuhubiri Injili. Lakini jambo hili lishike: hakuna saa moja kubwa inayotupigia wote sawasawa. Na iwe ya mlimani au ya pwani, hakuna saa inayomrudisha mtu jana.

Wewe unasema, "Bado nina muda, wacha nile ujana kwanza." Muda wa nani? Fulani aliokoka akiwa na miaka sitini. Sawa, hiyo ilikuwa saa yake, siyo yako! Yule tajiri wa Luka 12:16-20 alipanga maghala ya miaka mingi. Usiku uleule akaitwa.

Rafiki, jana imeshaingia Zamani. Kesho hujaahidiwa. Ulichonacho mkononi ni Sasa. Kama hujawahi kuomba, anza hivi:

"Bwana Yesu, siku zangu zilizobaki sizijui. Nisamehe dhambi zangu. Hii ya leo nakupa. Amina."